Usimwambie mtu wa Muleba "ungetoka mapema"

Kuna maneno mawili ambayo mtu akikwambia ukiwa umeachwa na gari, unatamani umpe begi lako alibebe kwa miguu mpaka Biharamulo. Maneno yenyewe ni "ungetoka mapema." Yaani uko stendi, jasho linakutoka, basi ushaliona mgongo tu likikata kona, simu ina chaji asilimia 9, halafu mtu yuko zake Sinza kwenye kochi anakuandikia WhatsApp: ungetoka mapema. Na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi anaweka vitatu.

Leo nawatetea wachelewaji. Sio wote. Wale wa kusema "niko njiani" huku wamejifunga taulo, hao wapambane na hali yao. Nawatetea wanaounganisha gari. Watu wa Nshamba, wa Rubya, wa Kamachumu, watu wa visiwani Bumbire na Ikuza. Wote ambao ili wafike sehemu lazima wapande kitu cha kwanza kiwapeleke kwenye cha pili, cha pili kiwapeleke kwenye cha tatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua kama vingine vipo.

Kuna kijana mmoja, jina kapuni, kwao ni ndani ndani huko upande wa Nshamba. Ana digrii na ana miaka minne nyumbani. Anasaidia shamba la migomba la baba yake, jioni anafundisha tuisheni watoto wa jirani. Akaitwa usaili Bukoba mjini, saa 1 kamili asubuhi, aje na vyeti halisi. Sasa piga naye hesabu. Bodaboda kamchukua nyumbani saa 9 usiku, kwa bei ya usiku, na mvua ya Kagera mnaijua, ile haikuulizi kama umevaa shati jeupe. Vyeti viko ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya koti, koti liko ndani ya koti la mvua la bodaboda. Kafika stendi Muleba saa 10 na dakika 20. Gari ya kwanza ya Bukoba ipo. Taa zinawaka, injini inaunguruma, konda anaita kwa sauti ya mtu aliyechelewa: "Bukoba, Bukoba, mmoja tu twende!" Ndani kuna watu wanne.

Ile "mmoja tu twende" naijua tangu niko mdogo. Huyo mmoja hajawahi kupatikana. Ukiingia wewe, bado anatafutwa mmoja. Akiingia mwingine, bado mmoja. Wakati mwingine kuna vijana wawili ndani wamekaa kama abiria, umeingia na moyo umetulia kwamba siti zinajaa, gari inakaribia kutoka, wanashuka. Walikuwa wapiga debe.

Gari ikaondoka saa 11 na dakika 40. Izigo ikasimama. Muhutwe ikasimama, mama kapandisha mikungu ya ndizi, ikabishaniwa nauli ya mikungu. Kemondo ikasimama. Mbele ya hapo trafiki. Kijana kafika kwenye geti la usaili saa 1 na dakika 25. Orodha imeshasomwa, mlango umefungwa. Mlinzi kamwangalia, tena kwa huruma kabisa, sio kwa ubaya, kamwambia: "Mdogo wangu, ungetoka mapema."

Katoka nyumbani saa 9 usiku! Mapema ya wapi tena? Mapema zaidi ya hapo inaitwa jana.

Na jana ina bei. Hapo ndo wengi hawaelewi. Mkikaa mnashauri "ungekuja jana ukalala," mnaongea kama Bukoba kila mtu ana shangazi Hamugembe mwenye chumba cha wageni. Gesti ya kawaida elfu 15, chakula cha usiku, chai ya asubuhi, na ile siku nzima ya jana ambayo hukufanya kazi. Kwa mtu ambaye hana kazi, ndo maana anaenda usaili, hiyo ni pesa ya wiki. Wengine wanaikopa. Namfahamu dada aliyelipa gesti siku mbili kwa sababu usaili ulisogezwa mbele, kesho yake akakosa nauli ya kurudi.

Sasa jiulize, nani alipanga saa 1 kamili asubuhi? Alipanga mtu anayelala Kashai au Rwamishenye, anayeamka saa 12, anakunywa chai, anapanda bajaji, anafika. Kwake saa 1 ni saa ya kawaida. Kila mahali iko hivyo: muda hupangwa na anayelala karibu, unalipiwa na anayelala mbali. Kliniki, mikutano, usaili, mitihani, mpaka vikao vya harusi. Na siku ukichelewa, aliyelala karibu ndo anakufundisha nidhamu.

Mtu ataniambia, wewe unalaumu wenye ofisi, mbona makonda huwasemi? Nawasema sana. Lakini nilikaa siku moja na konda wa haisi ya Bukoba–Muleba nikamuuliza: kaka, kwa nini usiondoke tu saa 10 na nusu, hata ukiwa na watu sita? Akanicheka. Akanieleza hesabu. Gari sio yake na sio ya dereva. Kuna hesabu ya bosi, hiyo haiulizi ulibeba wangapi. Kuna mafuta. Kuna ushuru wa stendi. Kuna wapiga debe, ukiwanyima kesho wanaelekeza abiria gari ya mbele. Kinachobaki ndo chao, yeye na dereva. Kwa hiyo siti tatu zikienda tupu, sio bosi aliyekula hasara, ni wao. Kwa maneno yake, gari halina saa, lina siti. Zikijaa ndo saa imefika.

Nikamwelewa, na nikakasirika hapo hapo. Kwa sababu maana yake ni hivi: ile hatari ya gari kuondoka nusu tupu, bosi kaisukuma kwa dereva, dereva na konda wakaisukuma kwa abiria. Abiria wa Muleba ndo wa mwisho kwenye foleni, hana wa kumsukumia. Basi kubwa la Mwanza halimsubiri, meli haimsubiri, usaili haumsubiri, daktari hamsubiri. Kila mtu kwenye huo mnyororo anaruhusiwa kuchelewa isipokuwa yeye.

Halafu kuna ule mchezo wa simu. Jamani ule mchezo mimi ungenipa presha hata kama sina. Unatoka Kamachumu, unashuka Muhutwe kulisubiri basi linalotoka Bukoba kwenda Mwanza. Umeshakata tiketi, siti namba 14, nauli umelipa ya kutoka Bukoba ingawa unapandia njiani, sawa, hatugombani. Unampigia konda. "Tumefika Kemondo hapa, jiandae!" Kwa nyuma unasikia kabisa mtu anauza karanga na spika ya stendi inaita Karagwe. Hajatoka hata Bukoba. Dakika 20 unapiga tena. "Tuko Kemondo." Sawa. Siku nyingine sasa, kwa sababu umeshamjua ni mwongo, unajipa muda, unakunywa chai taratibu. Anakupigia yeye: "Dada uko wapi? Tumekupita!" Siku hiyo alisema kweli.

Na abiria nao wanadanganya, tusiwaonee makonda. "Niko hapa hapa kwenye kona, nawaona!" Anaona nini? Yuko kwenye bodaboda bado kilomita sita, kashika simu kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine. Kila mtu anamdanganya mwenzake kwa sababu kila mtu anajua mwenzake anadanganya. Kama basi lingekuwa na saa moja inayoaminika kupita Muhutwe, hizo simu zote zisingekuwepo. Vocha tunazochoma kuulizana "mko wapi" zingetosha kujenga banda la kusubiria.

Huku kwetu tatizo hili limeshaingia mpaka kwenye mambo ya mapenzi na sherehe, na hapa nataka nimzungumzie mpambaji mmoja wa maharusi, Bukoba mjini, jina namuachia. Ukienda kwenye ukurasa wake utaona kazi zake, ana mkono huyo dada. Juzi kati kapewa kazi Muleba, sendi-ofu, bibi harusi mtarajiwa awe tayari saa 8 mchana. Dada hana gari. Kapanda mchomoko asubuhi ya saa 3 ili awahi. Wasiojua mchomoko: ni zile Probox na wenzake, wanne nyuma, wawili mbele, dereva anakaa nusu siti kama anaazima gari lake mwenyewe. Yakaisha mafuta? Hapana. Kilichotokea ni kwamba walipofika njia panda moja dereva kapigiwa simu kuna abiria wa kukodi, pesa nzuri. Akawashusha. Akawarudishia nusu ya nauli na kuwaahidi "nyuma kuna gari inakuja." Nyuma hakukuwa na gari kwa saa moja na nusu. Dada kasimama pale na sanduku la vipodozi, jua linawaka, anapiga simu mpaka chaji ikaisha.

Kafika saa 8 na nusu. Bibi harusi kashapakwa na binti wa jirani, analia, rangi inashuka. Jioni ile ile stetasi zikaanza. "Wapambaji wa mjini wanachukua advansi wanakuacha." "Hana taaluma." Picha yake ikawekwa. Mimi nilisoma yale maoni mpaka chini na sikuona hata mtu mmoja aliyeuliza dada alikuja na nini. Mtu mwenye gari akichelewa tunasema kapata dharura. Mtu wa kupanda gari akichelewa tunasema hana nidhamu.

Najua kuna atakayesema angekodi. Angekodi kwa pesa gani? Kukodi mchomoko Bukoba–Muleba ni kulipia siti zote peke yako, tena na za kurudi tupu. Kazi yenyewe ya kupamba inaisha hapo, anabaki na pongezi. Ndo maana siku hizi kuna ule ustaarabu wa abiria kuchangishana: zimebaki siti mbili, kila mtu anaongeza kidogo, gari inatoka. Ni kitu kizuri, nimekiona mara nyingi, hasa asubuhi, na mara zote anayeanzisha ni mtu mwenye haraka na mwenye hela kidogo kuliko wote. Mwenye hela zake yuko dirishani anasikiliza muziki.

Tukubali kwamba kuna vitu vimebadilika. Waliosafiri Bukoba–Mwanza miaka ya nyuma wanakijua kivuko cha Kigongo–Busisi. Mnafika Busisi mmechoka, mnakuta foleni ya malori na mabasi, mnashuka, mnanunua samaki, mnarudi, foleni iko pale pale. Ukiwa na tiketi ya treni au ndege Mwanza, ule muda wa kivuko ndo ulikuwa unakula moyo wako. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akazindua daraja la JPM pale, kilomita 3 juu ya maji, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 700. Sasa gari inavuka ndani ya dakika chache, hata samaki hupati nafasi ya kunusa. Kabla ya hapo, mwaka 2023, mabasi yakaruhusiwa tena kutembea usiku na mchana. Wanaojua zile safari za Dar–Bukoba za kulala njiani, Kahama, umekunjwa kwenye siti kama nguo ya mtumba, wanajua hilo nalo ni kubwa.

Lakini angalia kilichopona. Kimepona kipande kirefu. Kutoka Bukoba mpaka Dar, kama kilomita 1,400, unakata tiketi kwenye simu, unachagua siti, unapewa namba ya gari. Kutoka Rubya mpaka Muleba hujapewa kitu. Kilomita 1,400 zina tiketi, zile chache za kwanza zina bahati. Na safari haiharibikii kwenye zile 1,400, inaharibikia kwenye zile chache. Tumejenga daraja juu ya ziwa, tumeshindwa kuiambia haisi moja ya alfajiri iondoke saa 10 na nusu.

(Kwenye suala la tiketi, naomba na hili lisemwe. Kuna dada alikuja likizo kutoka nje, kakatiwa tiketi ya mkono, imeandikwa "ripoti 11:30." Kwa aliyekulia Kagera hiyo ni saa 11 na nusu alfajiri, haina mjadala. Yeye kaja stendi saa 5 na nusu asubuhi, kapendeza, na kahawa mkononi. Basi liko Geita. Tiketi za mtandao zinaandika 06:00, za mkono zinaandika 12:00, safari ni ile ile. Na ukipita Rusumo kuingia Rwanda saa inarudi nyuma saa moja nzima, nadhani ni moja ya sehemu chache za mkoa huu ambapo msafiri anapewa muda badala ya kunyang'anywa.)

Kwenye meli sasa. Hapa sitanii.

Wanaotoka Kagera kwenda Mwanza kwa maji wanapanda usiku, wanafika asubuhi. MV Victoria, ambayo tangu ukarabati wa 2020 inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, inabeba abiria 1,200, na ikitoka Bukoba inapitia Kemondo. Kila mtu wa huku anajua ujanja wa Kemondo: ukiachwa bandari ya Bukoba, unachukua bodaboda, unaifukuza kwa barabara, unaipandia Kemondo. Watu wanacheka wakisimulia. Lakini meli haiondoki kila saa kama daladala. Ikikuacha, unangoja siku nyingine, na kama una mtoto ana karatasi ya rufaa ya Bugando, tarehe imeandikwa, hiyo siku nyingine sio kitu cha kucheka. Nilimwona mama mmoja wa kisiwani katika hali hiyo. Mtumbwi wa injini ulichelewa kutoka kisiwani kwa sababu ya upepo, na kwa sababu nao ulikuwa unajaza. Kufika mwaloni, hakuna gari. Kupata gari, inajaza. Kufika Kemondo, taa za meli ziko kule mbali. Mama hakulia wala hakugomba na mtu. Alikaa chini, akamgeuza mtoto bega la pili, akamuuliza mzee mmoja pale: "Waitu baba, ya kesho kutwa ipo?"

Sasa nyinyi mnaokumbuka, au mliosimuliwa nyumbani, mnajua meli nyingine iliyopita Kemondo. MV Bukoba. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996 ilitoka huku kwetu, ikachukua watu na mizigo Kemondo, ikazama asubuhi ikiwa imebaki kidogo ifike Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Kule Igoma, Mwanza, ndo yalipo makaburi yao. Nyumba nyingi za mkoa huu, ukiuliza taratibu, zina mtu wao mle.

Meli ilizidisha watu, hilo halina ubishi, na lilikuwa kosa la waliokuwa na mamlaka ya kusema basi, inatosha. Lakini kila nikiwaza wale waliokuwa wanabanana kwenye ngazi Kemondo usiku ule, nawaza kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kusema "nitapanda inayofuata." Inayofuata ni lini? Ulishatoka kijijini, ulishalipa gari mpaka bandarini, ndizi zako ziko kwenye gati zinaiva, Mwanza kuna mtu anakusubiri asubuhi. Mtu anayejua chombo kingine kinakuja baada ya saa moja anaweza kushuka. Mtu anayejua hakuna, anaingia hata kama anaona kimejaa. Ndo maana leo ukiona haisi ya watu 14 imebeba 22, konda ananing'inia, usimalizie na "abiria wa Tanzania hawajipendi." Wanajipenda sana. Wanajua tu kwamba hii ikiondoka, hakuna nyingine.

Nimeshakua naiona ile methali nyuma ya magari, Kawia Ufike. Na nyingine ya haraka haraka haina baraka. Mimi hizo methali naziheshimu, ila nina hakika waliozitunga hawakuwa wanaunganisha gari. Ukiunganisha gari, kukawia ndo kutofika.

Watu wataniambia sisi Waafrika hatujali muda, iko kwenye damu. Damu gani? Mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro, baadaye mpaka Dodoma. Wiki za mwanzo mitandao ilijaa watu wanalalamika wameachwa, geti limefungwa, treni ikaondoka na siti zao. Baada ya muda mfupi tu yale malalamiko yakapungua. Watu wale wale, wenye damu ile ile, wakaanza kufika kabla. Kwa nini? Kwa sababu treni inaondoka. Ina matatizo yake, umeme uliwahi kukata na watu wakakaa porini, hatujasahau. Lakini haisubiri mmoja twende. Ukishajua kitu kinaondoka kweli saa fulani, unajipanga. Ukishajua kinaondoka kikijaa, unajipangaje? Ukiwahi unakaa ndani saa moja na nusu unasikiliza injini, ukichelewa umeachwa. Kuwahi kunaadhibiwa, kuchelewa kunaadhibiwa. Halafu tunashangaa watu hawaheshimu saa.

Simwombi mtu treni Muleba. Naomba gari moja. Ya kwanza ya alfajiri Muleba kwenda Bukoba, na nyingine Nshamba kwenda Muleba ya kukutana nayo, ziondoke kwa saa, zikiwa zimejaa au hazijajaa. Hizo nyingine zote za mchana zijaze mpaka jioni, sina neno. Madereva wenyewe wana zamu zao stendi, wanajua nani kaanza jana na nani anaanza leo. Zamu ya alfajiri ikizunguka, hasara ya siti tatu tupu inagawana kwa gari zote, haimwangukii mtu mmoja. Na hata hiyo hasara siiamini sana, kwa sababu ile barabara tunaijua: ukitoka Muleba na watu sita, Izigo unapata wawili, Muhutwe wanashuka wa Kamachumu watatu, Kemondo wamejaa wanafunzi. Watu wapo njiani, wanasubiri gari ambayo iko stendi inawasubiri wao. Tena abiria akishajua gari ipo saa 10 na nusu bila longolongo, ataamka kwa ajili yake, na nina uhakika atalipa hata mia tano juu.

Na wenye kupanga usaili, kliniki na semina, jamani, wekeni saa 4. Mtakosa nini? Kama watu mia mbili wanatoka Muleba, Karagwe, Missenyi na Ngara kuja ofisini kwako, kuanza saa 1 hakukuonyeshi wewe ni mtu makini, kunaonyesha hujawahi kupanda gari wanazopanda wao. Au andikeni tu kwenye tangazo: wanaotoka nje ya manispaa watasikilizwa mpaka saa 5. Ni mstari mmoja. Yule kijana wa Nshamba mstari huo ungemtosha kabisa, angebaki hata na muda wa kunyoosha shati.

Desemba inakuja, na Desemba Kagera ni habari nyingine. Watu wanarudi kutoka Dar, Arusha, Mwanza, mabasi yanajaa wiki kabla, na kila mtu ana ndoto ya kuwahi senene za mwisho mwisho na Krismasi kwa bibi. Mtashuka Muleba saa 9 usiku na masanduku, mtaambiwa gari ya Nshamba "ipo, inajaza." Kaeni kwenye benchi, vaeni sweta, kuna baridi. Kama kuna mama mzee ana mizigo, mwamkieni, mshikieni nafasi. Na kama zimebaki siti mbili na nyie mmetoka mjini na hela za sikukuu, lipieni. Msisubiri yule mwenye haraka aanze kuhesabu sarafu.

Yule konda niliyemtaja huko juu nilimweleza wazo la gari ya alfajiri. Akasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa. Akasema yeye hata kesho yuko tayari, na dereva wake pia, mradi bosi apunguze hesabu ya safari ile moja. Nikamuuliza bosi anasemaje. Akasema hajamuuliza, ni mgumu kumpata. Anakaa Mwanza, na akija huku anakuja na gari lake.